Hedifoni za Omu Mia Sita

Siku kwaya ilipompa zawadi, Mwalimu Yustina alisema uongo mbele ya kanisa zima. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Nasikia."

Msimhukumu haraka, hata ninyi mngesema. Kwa miaka ishirini na mitano amefundisha kwaya ya Wamoraviani hapa Kigwa, kijiji chetu cha reli. Jumapili hiyo wanakwaya walimjia wakicheza kutoka mlangoni, mbele yao katibu wao Eliya amebeba boksi lililofungwa kitenge. Ndani mlikuwa na hedifoni kubwa nyeusi, zile za kufunika sikio zima. Eliya alizipata Tabora mjini kwa mtu aliyekuwa anafunga studio yake.

"Mwalimu wetu anaandika nota amebana simu sikioni kama anasikiliza umbea!" Eliya akatangaza, na watu wakacheka. "Kuanzia leo atasikiliza kama watu wa studio."

Akamvisha, akachomeka waya kwenye simu yake mwenyewe, akabonyeza wimbo.

Yustina akasikia vigelegele. Akasikia mtoto analia benchi la nyuma. Wimbo wenyewe hakuusikia, ila kitu chembamba, mbali sana, kama watu wanaoimba ng'ambo ya mbuga.

"Unasikia, Mwalimu?"

Watu mia mbili walikuwa wanamtazama usoni.

"Nasikia!" akasema, na kanisa likalipuka kwa shangwe.

Hofu ilimwingia hapo hapo, katikati ya shangwe, na ilikaa naye wiki tatu.

Ili muijue hofu ile, lazima kwanza mumjue baba yake. Mzee Lugembe alikuwa mtu wa gangi la reli, wale wa kukaza mataruma na kupiga nyundo juani. Alipofika miaka hamsini na minne akaacha kusikia vifaranga. Watu wakafanya utani: mwewe atakumalizia kuku, mzee. Baadaye zikapotea sauti za wanawake. Treni alisikia, na wanaume wenziwe alisikia, lakini mkewe akimwita kutoka jikoni ilikuwa kama hajaita. Mwishowe akawa mtu wa kukaa barazani akitazama midomo ya watu. Wakicheka, naye anacheka, ila anachelewa kidogo. Yustina alikuwa msichana wakati huo, na katika maisha yake yote hakuna kilichomtisha kama kile kicheko cha baba kinachokuja wenzake wameshamaliza.

Mwaka huu Yustina naye ametimiza hamsini na minne.

Nyumbani alijaribu tena na tena. Alifunga mlango, akavaa hedifoni, akapandisha sauti ya simu mpaka ikagoma. Kitu kile kile chembamba. Akazivua, akasikia kuku wanaparua uani, akapumua. Akazivaa tena, ni kile kile chembamba. Akamwita mumewe, Damas, mfuga nyuki, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Baba Elieth, hebu vaa hizi. Unasikia?"

Damas akavaa. Akakaa kimya kwa adabu kama aliyeko ibadani, akatikisa kichwa polepole.

"Nasikia vizuri, Mama Elieth. Safi kabisa."

Siku ya mazoezi akawapa wanawake wawili wa sauti ya kwanza. Wakavaa kwa zamu, wakafumba macho. "Tunasikia, Mwalimu! Utadhani tuko studio!" Akampa mzee wa kanisa. Naye akasikia. Kijiji kizima kilisikia, na kila aliyesikia alimsukuma Yustina hatua moja karibu na baraza la baba yake.

Na kazi ilikuwa inamngoja. Pasaka hii kwaya ilipangiwa kurekodi wimbo wake wa zamani, ule walioufanya Yustina akiwa bado kijana. Daftari la nota lilikwisha kuliwa na mchwa. Kilichobaki ni kaseti moja ambayo Eliya alikuwa ameihamishia kwenye simu ya Yustina, na kutoka humo ilibidi Yustina aandike upya sauti zote nne. Akisikiliza simu peke yake, sauti zilikuwa uji. Ya kwanza aliipata, besi akaikisia. Sauti ya pili, ile ya wanawake inayopita katikati kama uzi, hakuipata kabisa. Sauti za wanawake! Mnaona alivyounganisha mambo.

Akaandika barua kwa mchungaji: kwa sababu za kiafya, naomba kwaya apewe Eliya. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Aliamua kuipeleka Jumatatu.

Ijumaa, Damas alikuwa anapeleka asali Tabora mjini. Yustina akapanda naye kwenye gari la mizigo, hedifoni na kitabu cha nyimbo vimo mkobani. Alimwambia mumewe kwamba pini imelegea, na yeye mwenyewe aliomba Mungu iwe pini kweli.

Walikwenda dukani kwa Darshan, mzee wa Kihindi ambaye babu yake alifungua duka lile. Yeye amelijaza redio, spika na mashine za sauti kwa zaidi ya miaka arobaini. Fundi yeyote wa muziki Tabora atakwambia: sikio la Darshan halidanganyiki. Kaunta ilikuwa na mkwewe, Rashmi, mke wa mwanawe, na mzee alikaa nyuma akiwa na bisibisi.

"Shikamoo mzee."

Mzee hakuinua kichwa. Rashmi akageuka, akasema kwa sauti ya juu, "Baba! Mama anakuamkia!"

"Marahaba, marahaba. Tatizo nini?"

"Pini imelegea," Yustina akasema.

"Pini!" Rashmi akarudia.

Darshan akaipapasa pini, akaizungusha. "Nzima hii." Akazigeuza hedifoni, akasoma maandishi madogo pembeni, na nyusi zikapanda. "Mama, hizi umezitoa wapi? Unazichomeka wapi?"

"Kwenye simu."

Akachukua simu ya Yustina, akachomeka, akavaa, akabonyeza. Akakunja uso. "Hakuna kitu hapa."

Yustina akamsogelea. "Hakuna kitu namna gani?"

"Hakuna sauti! Kimya! Rashmi, njoo usikilize."

Rashmi akavaa. "Sauti ipo, baba, ila ndogo mno. Kama mbu aliyefungiwa chumba cha pili."

Kwa wiki tatu hakuna mtu aliyemwambia Yustina maneno kama hayo. Akageuka taratibu kwa mumewe, ambaye ghafla alikuwa anakagua betri kwenye kabati la kioo.

"Baba Elieth. Siku ile nyumbani ulisikia nini?"

Damas akakohoa. "Nilisikia ng'ombe wa jirani."

"Na nini kingine?"

"Na wewe unavyopumua. Sasa ningesemaje? Zawadi ya kwaya! Nikajua masikio yangu yamekwisha kwa nyuki, nikanyamaza."

Rashmi alicheka mpaka akashika kaunta. Yustina hakucheka. Alikuwa anamfikiria baba yake, aliyewasikia wanaume na treni. Kumbe wote hawakusikia, sawa. Lakini ile sauti ya pili, mbona haipo hata simu ikilia peke yake?

Darshan alikwisha kuingia kwenye kazi anayoipenda. "Sikiliza mama. Hizi ni za omu mia sita. Omu ni ukaidi wa waya: zikiwa nyingi, umeme unapita kwa shida. Simu imetengenezewa vitu vya omu kumi na sita, thelathini. Ninyi Wanyamwezi mababu zenu wamebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, leo mnamtwisha mtoto mzigo wa mpagazi mzima?"

"Na babu yako aliyewatwisha alikuwa analala kwenye machela," Damas akajibu, na Darshan akapiga kaunta kwa furaha.

"Una mawili, mama. Ama uchukue hedifoni nyepesi, simu iziweze. Ama hizi zitafutiwe amplifaya ya kuzibeba."

Akampa kwanza nyepesi, ndogo za kusokomeza sikioni. Sauti ikaja kubwa, kubwa kweli, na besi ikagonga kama mtu anayetwanga. Yustina akafumba macho akatafuta. Sauti ya kwanza ile pale. Besi imejaa kila mahali. Sauti ya pili hakuna.

"Unasikia?" Damas akauliza.

Safari hii hakudanganya. "Nasikia wanaume," akasema. "Wanawake wa katikati siwasikii. Baba yangu alianza hivi hivi."

Darshan alimtazama Rashmi, na Rashmi akamrudia maneno yale, polepole, kwa sauti ya juu. Mzee akawa mpole.

"Hizo zina besi nyingi kwa ajili ya vijana. Besi imewalalia wanawake wako. Ngoja."

Akavuta amplifaya kubwa ya spika, akaiwasha, akachomeka hedifoni za kwaya. Kabla ya wimbo kuanza Yustina akasikia ssssss, mfululizo, kama mafuta ya kukaangia. Akazivua kwa nguvu kana kwamba zimemng'ata. "Mayo wane, mama yangu! Kelele hiyo ndiyo baba alikuwa akisema anaisikia masikioni!"

"Tulia. Tulia mama. Rashmi naye asikilize." Rashmi akasikiliza, akathibitisha: mashine ndiyo inayovuma, si masikio ya mama. "Hii ina nguvu, haina adabu," Darshan akasema. "Mashine ya kusukuma spika uwanjani inakuja na kelele zake. Kwenye spika huzisikii, kwenye sikio zinakaa mlangoni. Mia sita zinataka mashine yenye msukumo lakini iliyotulia. Inayofanana nazo."

Akapanda ngazi mwenyewe. Akashuka na kisanduku cha chuma, hakizidi mkate, chenye tundu nene na kizungushio kimoja. Akakifuta vumbi. Akaurudisha mshale wa kizungushio mpaka sifuri. "Daima sifuri kwanza. Sikio halina spea." Kisha akampa Yustina auzungushe yeye.

Yustina alitia kidole kwenye kizungushio na hakukisogeza. Sasa hapakuwa na kisingizio tena. Pini ilikuwa nzima, hedifoni nzima, mashine imepatikana. Asiposikia sasa, ni yeye. Alimwona baba yake barazani, akitazama midomo. Damas akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Akazungusha.

Kwanza ilikuja pumzi. Watu thelathini wakivuta pumzi kwa pamoja, kanisani Kigwa, miaka mingi nyuma. Kisha wimbo ukafunguka, na kila mtu alikuwa amesimama mahali pake: sauti ya kwanza kushoto, wanaume nyuma, kayamba linatikiswa juu kabisa, laini kama mchanga kwenye ungo. Na pale katikati, wametulia, hawagombani na mtu, wanawake wa sauti ya pili.

"Karatasi," Yustina akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wenye hedifoni masikioni. "Nipeni karatasi!"

Hakusubiri. Akafungua kitabu cha nyimbo, akachomoa barua ya mchungaji, akaigeuza, akaanza kuandika mgongoni mwake: mi, mi, fa, re. Machozi yalidondokea nota, naye akayafuta kwa kiwiko, akaendelea. Damas aligeuka akarudi kwenye betri zake.

Alipomaliza ubeti, Darshan akanyoosha mkono. "Hebu na mimi nimsikie huyo aliyekupa shida." Akavaa. Akatikisa kichwa kwa raha ya fundi aliyepatia. "Naam. Naam. Sasa hii ni ndoa. Besi imetulia. Wanawake hawa hapa."

"Na kayamba, mzee," Yustina akasema, bado ana furaha. "Umelisikia lile kayamba?"

Darshan akasogeza kichwa. "Nini?"

"Kayamba!" Rashmi akarudia.

Mzee akasikiliza. Akakipandisha kizungushio kidogo. Akaongeza tena. Yustina alisikia kayamba likivuja nje ya hedifoni, limesimama angani kabisa, cha cha cha, hata Damas akiwa mbali alianza kulifuata kwa kichwa.

"Hamna kayamba hapa," Darshan akasema.

Rashmi alifungua mdomo, na Yustina akaliona neno linavyokuja, lile lile la kanisani, la Damas, la wote: ndiyo baba, halisikiki vizuri, kaseti ya zamani. Akalijua kwa sababu yeye mwenyewe aliishi ndani yake wiki tatu. Akamgusa Rashmi mkono.

Mzee alikuwa anawatazama midomo. Akamtazama mkwewe, akamtazama Yustina, akatabasamu kidogo, na tabasamu lenyewe lilichelewa.

"Lipo, mzee," Yustina akasema. Alisema taratibu, uso wake mbele ya uso wa mzee, apate kumsoma midomo. "Kayamba lipo. Linalia tangu mwanzo."

Mkono wa Darshan ulibaki juu ya kizungushio. Rashmi alikuwa ameshika pindo la mtandio wake kwa ngumi mbili.

"Tangu lini?" mzee akamuuliza mkwewe. "Wewe unajua. Tangu lini?"

"Mwaka jana, baba. Kabla ya Diwali."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudisha kizungushio sifuri, kwa uangalifu, kama alivyofundisha.

"Nionyeshe linapolia," akamwambia Yustina. "Anzisha tena."

Yustina akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akauchukua ule mkono wa kizee uliojaa makovu ya kulehemu nyaya, akaulaza juu ya kaunta. Akaanzisha wimbo. Na kila kayamba lilipolia akaugonga kwa kidole, cha, cha, cha, mzee akikitazama kidole, amekaza macho, anatafuta.