Mkono wa Kushoto wa Mkunga

Mume wangu ni fundi umeme wa magari, mwaka wa thelathini na moja huu, na hata mimi mkewe humwita Fundi, maana kwa jina lake hageuki. Ana mdomo huyo! Gari likifika gereji na waya zilizoungwa ovyoovyo, atamsema fundi aliyetangulia mpaka mwenye gari aombe radhi kwa niaba yake.

Binti yetu tunamwita Mashoto, maana hutumia mkono wa kushoto. Alipoanza shule, Fundi alipigana na mkono ule. Kalamu ikishikwa kushoto, rula inatua. Kumpa mtu mkono wa kushoto kwa salamu, hiyo ilikuwa kesi nzima. Hakufua dafu. Leo Mashoto ni mkunga, peke yake katika zahanati ya mlimani, na alfajiri huwafuata wajawazito kwa pikipiki, umande umeganda kwenye majani.

Jumamosi moja alikuja kimyakimya. Nikambana mpaka akasema.

"Mama, nikifika vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Natakiwa nipapase tumbo nijue kichwa cha mtoto kiko wapi, na sihisi kitu. Iko siku nitakosea. Barua ya kuomba uhamisho nimeshaandika."

"Na huko juu atabaki nani?"

"Hakuna mtu, mama."

Fundi alikuwa mlangoni, amesikia yote, na hakusema neno. Kwake hiyo ni habari ya gazetini.

Jumamosi iliyofuata Mashoto aliporudi, Fundi alikuja na vishikio vya usukani wa pikipiki vyenye waya ndani, vinavyopashwa moto na betri. Akavikata vile vya zamani kwa kisu, akavifunga vipya, akaacha waya ulegee upande wa kulia, wa kuongeza mafuta, ili usikatike mkono ukizungusha. Akaweka fyuzi, na swichi akaiunga izimike pamoja na ufunguo, betri isije ikafa mlimani. Mimi nilishika taa huku nikihutubiwa.

Asubuhi yake Mashoto akapanda mlima na kushuka. "Baba, safi kabisa!" akasema, na Fundi akavimba kichwa.

Lakini mimi nimemzaa. Nikamshika mikono yote miwili. Wa kulia ulikuwa moto, wa kushoto baridi kama umetoka kisimani.

"Fundi, weka kikombe chini, njoo ushike."

Akashika. Akavipapasa vishikio, kimoja kimoja.

"Kulia kishikio kimekalia plastiki," akasema. "Kushoto kimekalia chuma kitupu, na chuma kinakunywa joto lote. Fundi mzima nimesahau!" Kisha akasema polepole, "Mkono huuhuu nimeuonea mara mbili."

"Baba, yale yameisha."

"Hayajaisha. Lete ufunguo."

Akakivua kishikio, akakizungushia chuma tepu ya kuzuia joto. Sasa kishikio kikagoma kuingia. Akachukua msasa, akawa anakikwangua kwa ndani kidogo kidogo, tangu saa tatu mpaka saa tisa, maana akizidisha unywele mmoja tu ameukata waya. Hakula, wala hakumsema mtu. Sijawahi kujivunia mwanaume huyu kama siku ile, nikamwambia hivyo hivyo. Akanijibu nisimkingie mwanga.

Wiki mbili baadaye, adhuhuri, Mashoto aliingia gereji na kofia yake ya pikipiki kichwani. Juu kabisa mlimani, akasimulia, kulikuwa na mjamzito, na mtoto alitanguliza matako. Vidole vya Mashoto vilijua palepale alipomgusa, gari la hospitali likaitwa mapema. Mama mzima, mtoto mzima. Na ile barua ameichana.

Fundi akajitoa chini ya usukani wa lori, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Mashoto akampa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa kwa rula.

Fundi hakuupokea.

"Nipe ule mwingine," akasema, na mbele ya wateja wote akanyoosha wake wa kushoto.