Aliyetangulia Kuonja Wanzuki ya Shemeji

Najua swali lenu la kwanza litakuwa kama tulikuwa tumelewa, basi nalijibu mapema: hapana. Mgeni yule alipofika, mimi na shemeji hatukuwa tumetia hata tone mdomoni, na jua lilikuwa bado juu ya miti. Haya ninayoyasimulia yalitokea, nami nilikuwepo.

Miaka ya tisini nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya uwindaji upande wa Ugalla. Shemeji yangu Silvesta, mume wa dada yangu Veronika, alikuwa mpishi hapo hapo. Msimu wa uwindaji ukiisha alirudi nyumbani Nsemulwa kupika wanzuki, ile pombe ya asali, na watu walikuwa wanapita milango ya wapishi wengine ili wafike kwake. Siri yake ilikuwa ulimi. Mpe asali kidogo kidoleni, atakuambia nyuki walikula maua ya mti gani na kama mzinga ulikuwa wa gome au wa gogo. Nilimjaribu mara nyingi nikitaka akosee, hakukosea. Dada yangu na watoto walikula na kusoma kwa ulimi ule.

Mwaka mmoja wageni wa mwisho, Wamarekani, walituachia chupa tatu za wiski ya kwao, aina wanayoiita bourbon, kila chupa imepikwa na fundi tofauti wa huko. Walikuwa wametueleza kwamba inapikwa kwa mahindi, kisha inalazwa miaka kadhaa kwenye pipa la mbao lililochomwa moto kwa ndani. Habari ya pipa ilimwingia shemeji kichwani. Alitaka azilinganishe zote tatu, ajue moto unaacha nini kwenye pombe, halafu naye ajaribu kwenye wanzuki yake.

Kambi ilipofungwa tukabaki wawili, tukisubiri gari la kuturudisha mjini. Jioni ile mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Tuliweka meza nje ya jiko na kumimina glasi tatu, moja nyekundu kama chai kavu, mbili zimepauka kidogo. Pembeni shemeji aliweka kidumu cha wanzuki, ili awe na cha kulinganishia.

Huku kwetu aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni. Anaonyesha haina sumu, na anaonyesha ni yake. Shemeji alishika glasi ya kwanza, akasita, akacheka.

"Sasa aliyepika hii si yuko Marekani? Haya, mwenye pombe, popote ulipo, njoo uonje kwanza, usije ukaniulia shemeji."

Nilicheka. Nani asingecheka?

Tukasikia hodi nyuma yetu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mweusi kama sisi, kavaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote. Tulimkaribisha, maana porini mtu hahojiwi kabla hajakaa. Hakuuliza kwenye glasi kuna nini. Alionja ya kwanza, akasema pipa lake lilichomwa sana na lililazwa mahali pa joto. Ya pili, akasema, imechanganywa ngano, ndiyo maana inapita laini. Ya tatu imetolewa mapema, inauma mbele na nyuma haina kitu. Alizitaja taratibu, kama mzazi anayetaja tabia za wanawe. Shemeji alionja baada yake kila glasi, akatikisa kichwa kwa furaha, akamuuliza hili na lile. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Mimi macho yangu yalikuwa chini. Uwanja mzima ulikuwa tope, viatu vya mgeni vilikuwa vikavu na vina vumbi. Nilimkanyaga shemeji mguu chini ya meza. Akausogeza mguu, akaendelea kuongea.

Mgeni akaelekeza kidevu kwenye kidumu. "Na hii?"

"Hiyo wanzuki, kaka. Yangu."

"Basi onja, nami nipate."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, na kiliharibika kwa heshima. Shemeji alimmiminia kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Siwezi kumtangulia fundi kama wewe. Anza wewe, kaka."

"Nianze mimi?"

"Anza."

Alikunywa yote, akafuta midomo, akashukuru na kuondoka kupitia nyuma ya stoo. Nilimfuata. Niamini, kwenye tope lile niliona nyayo zangu tu.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameshika kikombe. Aliniuliza nani ametia maji kwenye wanzuki. Nikaonja, ilikuwa tamu kama siku zote. Akarudia wiski, akasema maji. Akaingia jikoni, akatoka na chumvi kiganjani, akailamba yote huku ananitazama.

Daktari mjini alisema ulimi ni mzima. Maombi yalifanyika, dawa za miti zilinywewa. Shemeji aliendelea kupika kwa mazoea, lakini pombe ilitoka kali leo, kesho nyepesi, na wateja wakapungua mpaka wakaisha. Kisha watu wa Kakese wakaanza kuniambia kuna mgeni anauza wanzuki gulioni kwao, na wanaapa ni ya Silvesta ile ile. Nimekwenda mara nyingi kumtafuta. Kila mara naambiwa ametoka sasa hivi.

Siku hizi anayeonja ni dada Veronika, ambaye pombe hakuwahi kuipenda. Shemeji humtazama mdomo.

"Ikoje?"

"Tamu."

"Tamu vipi, mama watoto?"

Dada hutafuta neno, halipati. Shemeji hugeukia moto, akasogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

Basi wewe unayepika, mgeni akija mkaribishe, mpe kiti, mpe kikombe kizuri kuliko chako. Lakini akikuambia onja nami nipate, onja. Usimpishe.