Meza za Nyuma, Jumapili Alasiri

Nilikuwa bwana mifugo wa Nyakahura, na kwa miaka minne kila likizo yangu iliishia kwenye baa moja ya Dar es Salaam. Ndugu zangu wa nyumbani Ntobeye, kule Ngara, waliamini nakwenda kutafuta mchumba. Sikuwaambia hivyo. Walijitungia wenyewe, nami sikuwa na nguvu ya kuwasahihisha.

Safari peke yake ilitosha kumtoa mtu hamu. Lori mpaka Biharamulo, basi mpaka kivukoni, kivuko, Mwanza, halafu garimoshi, daraja la tatu, nimekalia sanduku langu la mbao. Nilifika miguu imevimba. Nilipanga chumba nyumba ya wageni ya Ilala, nikaoga, nikanyoosha suruali yangu ya bugaluu ambayo Nyakahura sikuthubutu kuivaa, nikaenda Kinondoni.

Ilikuwa baa ya uani, kama nyingine. Jumapili bendi ilianza saa tisa alasiri. Mbele walikaa wafanyakazi wa viwandani na wake zao. Nyuma, karibu na jiko la nyama choma ambako moshi uliwafukuza wengine, kulikuwa na meza nne za wanaume watupu. Mpita njia aliona wanaume wanakunywa bia. Sisi tuliokaa pale tulijua kwa nini tumekaa pale, na kwa wengi wetu hapakuwa na mahali pengine popote pa kulijua jambo hilo pamoja na mtu mwingine.

Mara ya kwanza niliingia kwa njaa tu, nilipokuwa mafunzoni. Nikaagiza sahani ya wali, ila ulimi wangu wa Kihangaza ukasema "wari." Mwanaume wa meza ya pili akacheka.

"Kaka, umetoka wapi na wari wako?"

"Ngara."

"Ngara ndiyo wapi?"

"Mwisho wa nchi. Ukivuka mto pale Rusumo, umeshaingia Rwanda."

"Pole na safari," akasema, akanivutia kiti.

Alikuwa fundi cherehani wa Magomeni, mwembamba, vidole vimejaa alama za sindano. Siku ile tulizungumza mpaka bendi ilipofunga vyombo. Tangu hapo nilikuwa narudi kwa ajili yake.

Tulicheza pia. Rumba ya taratibu ilipopigwa tulibaki tumekaa, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya mume na mke. Muziki ulipochangamka watu walicheza kwa makundi, nasi tukasimama. Hapo niliweza kucheza mbele yake dakika kumi nzima bila mtu kuuliza. Kwa dakika hizo nilisafiri siku nne.

Jumapili moja mgambo waliingia kukagua vitambulisho vya kazi. Wote tulikuwa navyo. Hata hivyo walimsimamisha kijana wa meza ya jirani, karani wa bandarini, kwa sababu ya namna alivyokuwa akiongea.

"Wewe ni mwanaume au ni nini?" mmoja akamuuliza.

Mhudumu wetu, mama mnene aliyetuita wanangu, akaingia kati. "Jamani, huyo namfahamu, anamsubiri mke wake."

Wakamchukua. Sisi wengine tulitazama glasi zetu. Fundi alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisiinuke, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kuinuka. Yule karani hakurudi tena pale. Nilikunywa bia yangu mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata, katika operesheni ya vijiji, mama yangu alihamishwa kutoka kwenye migomba yake, akapangiwa kiwanja kando ya barabara pamoja na kaya nyingine za Ntobeye. Nilikwenda kumsaidia kuezeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na huyo wa Dar es Salaam, lini?"

"Bado, mama."

"Wamenihamisha nyumba nzima kwa siku moja," akasema. "Wewe mke mmoja miaka miwili?"

Nikaendelea kufunga nyasi.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Likizo zikafutwa. Nilitumwa Biharamulo kukagua ng'ombe wa kuchinjiwa askari, na huko, saa sita mchana, msafara wa malori ulikuwa umesimama kusubiri mafuta. Wanamgambo walikuwa wamejilaza kivulini chini ya magari. Mmoja akainuka, akaniita, "Bwana mifugo!"

Magwanda yalikuwa makubwa kwake. Mikono ya shati alikuwa ameipunguza mwenyewe, vizuri kuliko ya afisa yeyote.

"Huyu nani?" mwenzake akauliza.

"Binamu yangu," akasema fundi.

Tulisimama kama mabinamu. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamuuliza habari za kazi. Huko Kagera ni baridi? akauliza. Kidogo, nikajibu. Nikatoa sweta yangu mkobani nikampa, naye akaivaa palepale, jua likiwaka. Filimbi ikapulizwa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda.

Vita ilipokwisha mafuta yaliadimika, na nilikaa muda mrefu kabla ya kupata likizo tena. Kinondoni nilikuta bendi imeondoka. Meza za nyuma zilikuwa zimetolewa, mahali pake pamerundikwa makreti matupu. Mhudumu alinitambua.

"Amerudi," alisema kabla sijauliza. "Ila masikio, mwanangu. Mizinga. Nenda kamwone."

Nilimkuta Magomeni na cherehani yake. Ndani kulikuwa na mke, mwanamke mpole mwenye mtoto mchanga, aliyeniletea chai na kuomba radhi kwamba sukari hakuna dukani. Fundi alifurahi kuniona, machozi yakamlengalenga. Nikasema habari gani. Hakusikia. Mke akaniambia, "Paza sauti, shemeji, ndivyo tunavyofanya."

Nikapaza sauti. Nikauliza afya, kazi, mtoto. Akajibu naye kwa kelele, mpaka majirani wakachungulia. Mambo yetu yote yalikuwa ya kunong'ona, na sasa hapakuwa na namna ya kuyasema. Hakuwa amejifunza kusoma zaidi ya tarakimu za kazi yake, kwa hiyo hata barua haikuwezekana. Baadaye alichukua futi yake akanipima suruali, kiuno, mguu, polepole, akiandika tarakimu kwa chaki juu ya meza. Kitambaa hakikuwapo mjini kote, na wote watatu tulilijua hilo.

Nilipanda garimoshi kesho yake, likizo ikiwa haijafika nusu. Sikwenda tena. Mama alipouliza nilimwambia yule wa Dar es Salaam ameolewa, akanionea huruma, akaacha kuuliza. Nyakahura niliwakuta wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga wamejaa joshoni na ng'ombe wao, wakilalamika kwamba dawa ya kupe haijaja. Nikawaambia wasubiri, nikakaa chini pamoja nao.