Aulizwe Mpishi Kwanza

Miaka thelathini Stamatia aliwasimamia mabaharia wa kampuni ya meli bandarini Pireo, na kila Jumatatu alipopiga simu melini, alimtaka mpishi kwanza. Mkurugenzi mpya, Leonidas, mjukuu wa mwenye kampuni, akamcheka.

"Bi Stamatia, kapteni yupo, wewe unauliza mambo ya sufuria?"

"Kapteni hata akizama atakwambia shwari, mwanangu. Mpishi ndiye anayejua sahani ya nani inarudi haijaguswa."

"Haya, mpigie tusikie."

Akapiga, akaweka spika. Mpishi akasema vijana wote wanakula vizuri, dengu ya jana wamekomba sufuria. Leonidas akatabasamu.

"Ila kapteni," mpishi akaongeza, akishusha sauti. "Leo siku ya nne hajatia kitu mdomoni."