Binti Aliyeacha Uuguzi

Mimi ni karani katika ofisi ya msajili wa chuo kikuu hapa Nyeri. Wiki jana mzee mmoja kutoka Wamagana alifika na binti yake, mwanafunzi wa uuguzi.

“Ati huyu ameacha uuguzi, anasomea biashara,” mzee akasema. “Mama yake amekataa hata kula.”

Binti alikana huku akilia. Nami nikajifanya mshauri.

“Msichana, mwambie baba ukweli tu.”

Mzee akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulikuwa wangu, na jina langu chini. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wameongezewa somo dogo tu la ujasiriamali. Mimi, kwa makosa, niliwaandikia wazazi kwamba watoto wao wamehamishiwa biashara.

“Huyu aliyeandika yuko wapi, tumuulize?” mzee akasema kwa upole.

Binti alikuwa ameshasoma jina kwenye beji kifuani mwangu.