Fundi Upepo na Matairi Magumu

Aliyepaka rangi banda lile aliandika ukutani UPEPO HAPA, kwa herufi nyekundu kubwa kuliko mlango, na kwa kuwa fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kujitambulisha, wateja wakadhani ndilo jina lake. Miaka ishirini na nane sasa anaitwa Upepo. Mkewe, Mungu amrehemu, naye alimwita hivyo hivyo, hasa akikasirika.

Banda lenyewe si la kujivunia. Ni mabati, kompresa inayokohoa kabla ya kuwaka, pipa lililokatwa nusu lenye maji meusi ya kutafutia matobo, na kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, ambacho wateja hukikalia wakisubiri. Kilichomweka mjini si mashine, maana mashine hana. Ni mdomo wake. Akikwambia tairi hili litakufikisha mwisho wa mwaka, litakufikisha. Akikwambia tupa, unatupa, hata kama roho inakuuma. Mtaa mzima ulikuwa haununui tairi kabla ya kumuuliza Upepo.

Sasa, kwa miaka mitatu, neno lake kubwa lilikuwa moja: matairi magumu hayafai. Magumu ndivyo alivyoyaita yale yenye ubavu mnene, yanayoweza kuendelea kutembea hata upepo ukiisha wote, mpaka ufike penye fundi. "Mzigo mtupu," alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Yanakutikisa mpaka figo. Ukishayatembelea bila upepo hayazibiki tena, unatupa. Na wakati wa kuyavua, rimu inapinda. Muulize Mwalimu."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli mwingi, na ndiyo maana uongo uliokuwamo ulikaa vizuri. Ni kweli magumu yanatikisa. Ni kweli ni ghali na hayapatikani kila duka. Lakini rimu ya Mwalimu haikupindwa na tairi. Ilipindwa na Upepo.

Mwalimu ni jirani, mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, mtu wa kupita kila asubuhi kusalimia na kuaga mara tatu kabla hajaondoka. Siku hiyo alileta gari lake lenye magumu manne, mojawapo likiwa na msumari. Upepo akachomeka leva mbili, vile vyuma vya kubandulia tairi, akakanyaga ubavu, akavuta. Katikati ya kuvuta, mkono wa kulia ukafa ganzi. Vidole vilifunguka vyenyewe. Leva ikaruka, gurudumu likaruka, rimu ikagonga ukingo wa zege na kupinda. Mwalimu, aliyekuwa kitini na gazeti lake, akauliza kuna nini. Upepo angeweza kusema mkono. Akasema tairi.

Mwalimu akaamini, akanunua rimu nyingine, akabadilisha matairi yote manne, na tangu hapo akawa mpiga debe wa bure. Kila mwenye gari aliyekutana naye alipewa somo.

Mkono nao haukupona. Asubuhi Upepo alihangaika na vifungo vya shati mpaka akahamia fulana. Vikombe vya udongo viliisha kabatini kwa kuvunjika. Nati za magurudumu alizifungua kwa kupanda juu ya spana na kudunda kwa mguu, na watu wakacheka wakidhani mzee ana madoido. Matairi ya kawaida, yenye ubavu laini, bado aliyamudu kwa magoti na kiwiko. Magumu hakuyaweza. Kwa hiyo magumu hayafai, basi, mjadala umefungwa. Jioni alirudi nyumbani amechoka kuficha kuliko alivyochoka kufanya kazi, na kesho yake akaanza tena.

Ana binti mmoja tu, mkunga. Kituo chake cha kazi kiko kilomita hamsini na kitu kutoka mjini, na sehemu kubwa ya barabara hiyo haina nyumba wala duka. Tangu mama yake afariki, kila safari binti hutuma ujumbe wa neno moja: Nimefika. Mpaka neno hilo liingie, Upepo hukaa roho juu, simu mfuko wa kifuani, na mteja akimwongelesha anaitikia tu.

Mwezi huo binti alinunua gari dogo lililotumika. Lilikuja na magumu manne, yote yamekwisha. Akapiga simu.

"Baba, niweke yapi? Haya haya, au ya kawaida?"

"Ya kawaida," Upepo alijibu, hata hakuvuta pumzi. Miaka mitatu ya kusema jambo moja, ulimi unakwenda wenyewe. Binti akanunua manne ya kawaida siku ile ile.

Alikuja nayo asubuhi ya zamu ya mchana, macho mekundu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujalala?"

"Tumezalisha watano jana. Mmoja aligoma kutoka, mpaka tukamwimbia." Akajitupa kwenye kile kiti, akavua viatu na soksi. "Nifungie matairi, mimi nizime kidogo. Saa sita niwe njiani."

Upepo akafungua buti. Alijua atakachokiona; magari yanayokuja na magumu hayawekewi nafasi ya spea. Kulikuwa na masanduku mawili ya chanjo na begi la kuzalishia, basi, pamejaa.

"Spea utaiweka wapi?"

"Siweki. Kiti cha nyuma nabeba wagonjwa." Binti alipiga miayo, macho yamefumba tayari. "Nikipata pancha si nitakupigia, utakuja kunibadilishia?"

Aliyasema hayo kama jambo lisilo na haja ya kufikiriwa, akalala.

Upepo akapiga jeki. Akapanda juu ya spana, akadunda, nati zikalegea moja moja. Akalitoa gurudumu la mbele, akalilaza chini, akachukua leva. Vidole vikashika, vikasita, vikaachia. Leva ikaanguka kwenye zege. Binti hakusikia. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, nyayo zimevimba, na alama za soksi bado zimejichora miguuni.

Angeweza kumaliza. Nusu ya kazi kwa magoti, nusu kwa kiwiko, kama kawaida. Haya mapya ni laini, yangeingia. Hata kuyavua yale magumu si shida, yanatupwa, angeyakata ubavu kwa msumeno. Binti angeamka, angesema asante Baba, angeondoka. Hakuna ambaye angejua. Halafu siku moja, kilomita thelathini kutoka popote, upepo ungeisha, kwenye kiti cha nyuma mwanamke analia kwa uchungu, na simu ingeita hapa bandani. Yeye angekodi gari, angefika. Angepiga magoti mbele ya gurudumu la mwanawe, halafu? Angedunda juu ya spana wakati mtoto wa watu anazaliwa kando ya barabara?

Aliketi juu ya tairi, akashika tama. Aliona haya, haya ya kweli inayopandisha joto masikioni, na umri wote ule haukumsaidia kitu. Akalirudisha gurudumu mahali pake, akadunda tena kukaza nati, akamgusa binti begani.

"Amka, mama. Twende kwa Mama Mashine."

"Kwa nani?" Binti alifuta mate. "Si yule unayemsema kila siku?"

"Huyo huyo."

Mama Mashine yuko ng'ambo ya mzunguko wa magari, kwenye gereji ya sakafu ya vigae, na jina amelipata kwa ile mashine yake yenye mkono wa chuma unaokandamiza ubavu wa tairi taratibu, huku yeye akibonyeza kanyagio. Upepo alikuwa amemtania kwa miaka: mwanamke anafanyiwa kazi na umeme. Asubuhi hiyo palikuwa na madereva wanne wakisubiri, na wote walikuwa wanamfahamu.

"Mzee Upepo!" Mama Mashine alifuta mikono kwenye aproni. "Leo umepotea njia?"

"Nina shida. Mwanangu anataka matairi magumu. Manne. Haya ya kawaida utayachukua kama yanakufaa, mtaelewana bei wenyewe."

"Baba," binti akasema, "si ulisema..."

"Hata mimi nilisikia alichosema," Mama Mashine akadakia. "Wateja wamenikimbia kwa hilo. Yanapinda rimu, sivyo?"

Dereva mmoja alikuwa amebadilisha matairi yake mwaka jana kwa ushauri wa Upepo, na sasa alishusha simu yake kumsikiliza.

"Hayapindi," Upepo alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Hayapindi. Nilisema hivyo kwa sababu mkono wangu hauyawezi. Huu hapa. Haushiki." Akaunyoosha mbele ya watu wote, na vidole viwili vikabaki vimejikunja. "Mtu anayepita mjini tu, ya kawaida yanamtosha, na ni rahisi kuziba, hilo nitalisema mpaka nife. Huyu anakwenda peke yake barabara haina mtu, hana pa kuweka spea, nyuma kabeba mama mjamzito. Huyu anahitaji magumu. Nilimdanganya mwanangu."

Alitegemea wacheke. Kucheka kungekuwa nafuu. Mama Mashine alimtazama mkono, akamtazama uso, akageuka.

"Magumu ninayo. Ingizeni gari," akasema.

Kazi haikuchukua saa nzima. Mkono wa chuma ulikandamiza, tairi likaingia, bila kelele. Upepo alisimama pembeni akitazama kitu kilichomkosesha usingizi miaka mitatu kikifanywa na mwanamke huku anatafuna ubani.

Nje, binti alimshika kiganja, akakigeuza, akabonyeza penye kifundo. Upepo alishtuka.

"Tangu lini?"

"Tangu rimu ya Mwalimu."

"Miaka mitatu." Hakupandisha sauti, alikuwa amechoka mno. "Baba, mimi nashinda nikishika mikono ya watu nisiowajua. Nawauliza panauma wapi. Wewe nakuja hapa, unanipa soda, unaniambia huna neno."

"Sikutaka ujue sina kazi."

"Nani kasema huna kazi?" Akaingia garini, akafunga mlango kwa nguvu, akaondoka bila kuaga. Haijapata kutokea.

Upepo alivuka mzunguko kwa miguu. Hakujisikia mwepesi, wala asikwambie mtu kwamba kusema ukweli kunamtua mtu mzigo papo hapo. Miguu ilikuwa mizito kama jana. Na bandani, kwenye kile kiti, Mwalimu alikuwa anamsubiri, gari limeinama upande mmoja.

"Fundi, pancha. Nimekuja pole pole, tairi linalia." Akacheka. "Lakini angalau rimu ni nzima, eh? Ingekuwa yale magumu yako!"

Upepo alikaa kando yake. "Mwalimu, kwanza nikwambie kuhusu ile rimu."

Akamwambia. Leva, vidole, ukingo wa zege, yote. Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa hiyo tairi halikuwa na kosa."

"Halikuwa."

"Na yale mengine matatu?"

"Yalikuwa mazima. Yangekaa mwaka, hata na nusu."

Mwalimu aliitazama barabara. Magari yalizunguka mzunguko, moja baada ya jingine.

"Mimi nimewaambia watu wangapi, Upepo?"

Tangu wajuane hajawahi kumwita jina. Siku zote ilikuwa Fundi.

"Wengi," Upepo akasema.

Mwalimu akasimama. Upepo alijua sasa anakwenda ng'ambo, na hakuwa na la kumzuia. Lakini Mwalimu alivua saa, akaitia mfukoni, akakunja mikono ya shati, akaokota spana. Alifungua nati kwa mikono yake, akihema, shingo imevimba mishipa. Upepo akaleta jeki. Wakalitoa gurudumu, mmoja akikanyaga na mwingine akivuta leva, wakalizamisha kwenye pipa, Upepo akaonyesha panapotoka mapovu, akaziba. Mwalimu akafunga nati, akaipanda ile spana na kuidunda kwa mguu mara moja, sijui kwa kumwiga au kwa kuhakikisha. Akaosha mikono. Akalipa, na Upepo alipoisukuma hela akaiacha juu ya kompresa.

"Kesho nitapita," Mwalimu akasema. Hakusema kusalimia, wala hakuaga mara ya pili. Gari likaondoka.

Saa nane kasoro, Upepo alikuwa bado kwenye kile kiti, simu kifuani, akijiambia mwanawe leo hatatuma kitu, na ana haki. Ilipotetemeka, aliitoa kwa mkono wa kushoto.

Nimefika. Haya matairi yanatikisa mpaka meno, kwa hilo hukudanganya. Kesho saa tatu nakupitia, twende kwa daktari. Usivae fulana. Vaa shati, vifungo nitakufungia.