Baba wa Siku ya Hitima

Ulikuwa ule mwaka wa shelisheli. Mchele umepanda haushikiki, mihogo mvua imeiozesha ardhini, basi Kisiwa Panza kizima tukawa tunakula shelisheli: la kuchemsha asubuhi, la nazi mchana, la kuchoma jioni. Yalikuwa yakivushwa kutoka ng'ambo kwa mtumbwi, na watoto walifika pahala wakiuona mtumbwi ule unakuja wanaingia vichakani. Mie mwaka siujui kwa kalenda ya ukutani, naujua kwa tumbo, na tumbo langu halijapata kunidanganya. Mwaka huo hata hitima ya marehemu mume wangu wali ulipikwa wa walimu tu, na sisi wenye marehemu wetu tukajilia shelisheli kama tunaomboleza upya.

Hitima ikaisha, walimu wakanywa kahawa, wakaomba dua, wakaondoka. Wanangu watatu wa kiume wakabaki barazani. Mie niko uani nasugua sufuria kwa majivu, mlango wa kati uko wazi, kila neno nalipata. Chumbani alikuwa mke wa mwanangu mdogo, mkwe wangu, na kitoto chake kichanga cha kike. Arobaini hawajatoka. Ziwa moja limemvimba, homa inakuja inaondoka, mkono wa upande ule hauinui. Na kitoto chenyewe, mashaallah, kina sauti ya kuadhini. Wajukuu ninao wa kujaza safu mbili msikitini, na najisifu nao kila ninapopata wa kunisikiliza, lakini mwenye mapafu kama haya sijapata kumwona.

Basi pale barazani wakaanza kumsema baba yao.

Aliyeanza ni mkubwa. Huyu yuko ofisini Chake Chake, ana tumbo la kukalia kiti, na akizungumza hutulia kati ya maneno utadhani kuna mtu anaandika.

"Wallahi, baba alikuwa baba," akasema. "Mie nikimlea mwanangu namwangalia yeye."

"Simba!" akadakia wa kati, yule mwenye duka Mkoani. "Sauti yake tu, mwatulia nyote."

"Sauti yake tu," akasema mdogo.

Nikaacha kusugua. Habari za mwanamume huyu zilinipendeza. Nikasema moyoni, laiti ningemjua mapema, ningeolewa na yeye.

Maana mie niliyeolewa naye alikuwa mtu wa dago. Asiyejua dago nitamwambia: wavuvi hufunga virago, wakahama na chombo chao, wakapiga kambi mchanga wa ugenini, wakavua na kukausha samaki huko miezi na miezi, ndipo wakarudi nyumbani wamekonda na wana mengi ya kusimulia. Hapa kwetu mwanamume asiyekwenda dago huonekana kama ana ugonjwa ambao watu wanaona haya kuutaja. Mume wangu hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na afya njema kabisa. Mimba ikikaribia kuiva, afya yake ndiyo inazidi, na chombo nacho kinapata safari.

Simsengenyi maiti. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakutukana, samaki alioleta tuliwala. Lakini ndani ya nyumba alikuwa mgeni. Akija, mkeka mpya unatandikwa, watoto wanaambiwa nyamazeni baba amelala, kuku anachinjwa. Nani asimpende mgeni wa namna hiyo? Mie niliyekuwa nikiwakata kucha na kuwapigia kelele waoge, nani atanisomea hitima ya sifa?

Mkubwa akaendelea: "Mie kuogelea kanifundisha yeye. Kanitupa majini, akanambia, rudi mwenyewe. Nikarudi!"

"Hivyo ndivyo mtoto wa kiume anavyolelewa," akasema wa kati.

Hapo nikashindwa. Nikatokeza mlangoni na majivu yangu mikononi.

"Hakukutupa," nikamwambia. "Ulianguka. Alikuwa anashona wavu, kakupa mgongo. Aliyekutoa ni bibi jirani, alikuwa anafunga mwani wake, akakushika mguu kama kuku. Na hukurudi mwenyewe, ulirudi umetapika."

"Mama, nakumbuka vizuri."

"Unakumbuka vizuri. Kichwa kilikuwa chini ya maji, lakini unakumbuka vizuri."

Mdogo akacheka, wa kati akacheka, mkubwa akavuta kikombe chake. Nikarudi kwenye sufuria, lakini sasa nimevuta kigoda karibu na mlango.

Wa kati akaona afadhali ahamie kwenye jambo lenye ushahidi. "Na viatu je? Mama, viatu utavikataa? Kila akirudi dago, viatu! Watoto wenzetu wako pekupeku, sie tuna viatu."

Viatu sivikatai. Na hapa lazima niseme haki, maana Mungu anasikia. Mume wangu kabla hajaondoka alikuwa akiwapanga wanawe juu ya mkeka, anachukua ukindu, anapima mguu wa kila mmoja kuanzia kisigino hadi kidole gumba, anakata, anafunga fundo: fundo moja wa kwanza, mafundo mawili wa pili. Anavitia kibindoni. Huko aliko, akipata mji wenye soko, anatoa vipande vyake vya ukindu anawapimia wauza viatu. Mwanamume mwingine wa kufanya hivyo hapa kisiwani sikumwona. Alikuwa anajua kupenda, ila alikuwa anapendea mbali.

Viatu vilikuwa vinakuja sawasawa na ule ukindu. Tatizo ni mguu. Mguu wa mtoto hauna adabu, haumngojei baba. Ikabidi nichukue kisu nikate mbele, vidole vitokeze. Idi moja mkubwa alikwenda kuswali vidole vimetangulia, kama kobe anachungulia mvua. Leo yuko barazani anasema baba alituvisha.

"Alitujali," akasema wa kati.

"Alijali miguu ya mwaka jana," nikamjibu.

Sasa akazungumza mdogo. Huyu ndiye mvuvi, ndiye aliyebaki kisiwani, na ndiye aliyemchukua baba yake zaidi: pua ile, mabega yale, na kunyamaza kule kule ukimuuliza jambo. Akasema akiangalia chini, anachora sakafu kwa kidole.

"Mie nimezaliwa baba yuko dago. Alipokuja nshajua kukaa. Na nimekua, sijafa. Mwanamume ni riziki. Kesho kutwa chombo kinaondoka, na mie nimo."

Nikasikia kitanda cha chumbani kimelia kidogo, nikajua mkwe wangu amegeuka kutega sikio.

"Amesema kweli kuwa alipokuja huyu alikuwa anakaa," nikasema. "Hamuulizi ilikuwaje? Baba yake kaingia, kamnyanyua, mtoto kalia mpaka kazimia. Kila akimwona analia. Siku ya tatu baba mtu kaniambia, mtoto huyu hana adabu, umemleaje? Nikamwambia, nimemlea ajue kuwaogopa wageni."

"Mama, hayo yamepita."

"Yamepita kwenda wapi? Yamelala chumbani humo, yanakaribia kuamka yanyonye."

Halafu, riziki gani? Samaki hapa Panza wamehama? Mie siku moja nyuma nilikuwa nimekwenda dikoni, vyombo vinaposhusha samaki, kutafuta kitoweo, huyu mdogo ananipa mgongo, anazungumza na kijana mwenzake. Akasema, "Heri dago, ndugu yangu. Dago mtu analala. Kwangu halalwi." Wakacheka. Ndiyo riziki yenyewe hiyo: usingizi. Nami nikajua kwa mara ya kwanza baba yake alikuwa anakwenda kutafuta nini, na mie miaka yote nikimwonea huruma analala mchangani!

Nikawaambia yote hayo pale pale. Wa kati akaziba mdomo kwa kiganja. Mdogo akakasirika.

"Sasa unataka nikae nifanye nini? Nimnyonyeshe?"

"Babu yako alifanya nini?"

"Babu yupi?"

"Baba yangu mie. Wa Ole."

Wakatazamana wakacheka, maana babu huyo wanamjua kwa jambo moja tu. "Yule wa kubeba mtoto mgongoni?" akauliza mkubwa.

Yule yule. Mie ni mtu wa Ole, shamba, huku pwani nimeletwa na ndoa. Mama yangu aliponizaa alishikwa na maradhi ya uzazi, hakusimama kwa muda mrefu. Bibi zangu walikwishakufa, shangazi yangu yuko mbali na ana watoto wake wa kulea. Baba akanifunga kanga mgongoni, akaenda nami kulima mihogo. Shangazi ndiye aliyenihadithia, na kila akihadithia alikuwa akiona haya upya kwa niaba ya ndugu yake. Wanaume wanapita na baiskeli zao, wanapiga kengele, wanamwita, "Bi mkubwa! Vipi uzazi?" Baba anasimamisha jembe, anawajibu, "Uzazi mwema, mwenzenu. Mwali wangu keshalala, punguzeni kengele."

Nguo zangu za winda baba alikuwa akizifua kisimani mchana kweupe, wanawake wanamwachia zamu ili apite upesi waanze kumcheka. Hayo nimehadithiwa. Ninayoyakumbuka mwenyewe ni baadaye, ananisuka nywele kabla sijakwenda chuo cha Kurani, mama hana nguvu ya mikono. Mistari inakwenda kombo, mmoja unaanzia sikioni unaishia sijui wapi. Mwalimu wa chuo akaniuliza, "Umesukwa au umeparwa na paka?" Nikamwambia, nimesukwa na baba. Darasa zima likacheka, na mie nikacheka, sikujua kuwa ni aibu. Nilidhani wote wanasukwa na baba zao.

Alipokufa, watu walikaa kwenye hitima yake hawana la kusimulia. Hakupigana na papa, hakuleta viatu, hakutupa mtu majini. Mmoja akasema, alikuwa mtu mpole. Mwingine akasema, ndiyo, mpole. Wakala wali wakaondoka. Mtu uliyekuwa naye kila siku utamsimulia kuanzia wapi?

Nilipomaliza, mkubwa akakohoa. "Mama, zama zile na zama hizi mbali."

"Kweli. Zama hizi mna simu, mnaweza kumwona mtoto analia bila kumsikia."

Sasa iko desturi moja lazima niieleze. Nahodha wa chombo kile hapakii mtu mwenye mama hai mpaka mama ampe radhi. Si maneno matupu. Alipata kumshusha mtu pwani na godoro lake, watu wanaangalia, kwa kuwa mama yake alikuwa amenuna. Anasema bahari ina mambo mengi, hataki aongezewe na la mwanamke mzee. Na kila baharia anaulizwa. Kwa hiyo hitima ile, mie ninavyodhani, mdogo wangu hakuja kumwombea baba yake peke yake.

Akashuka barazani, akaja uani, akapiga magoti mbele ya kigoda changu. Akanishika mkono ule ule wenye majivu.

"Mama, nipe radhi zako."

Nilimwangalia kichwa chake. Pale kati nywele zimejizungusha kama alivyokuwa mchanga, hapo nilikuwa nikimpaka mafuta. Ni mwanangu wa mwisho, kila mtu anajua ndiye ninayemdekeza, na hajapata kuniomba kitu nikamnyima.

"Radhi za kila kitu unazo," nikamwambia. "Za dago sizitoi, mpaka mwanao akujue."

Akainua uso haraka, akadhani nafanya mzaha. Mkubwa akaja mlangoni na tumbo lake. "Mama, usimfungie kijana mlango. Baba angekuwa hai angemruhusu."

"Baba yako angekuwa hai, saa hizi angekuwa dago."

"Watu watasema," akasema mdogo. "Watasema nimekaa nyumbani nalea."

"Watasema. Na wewe utawaambia wapunguze sauti."

"Mama, mtoto mwenyewe ana siku ngapi? Atanijua lini?"

"Muulize yeye."

Na yeye, kama kaitwa, akaamka. Akafungua ile sauti yake, kuku wa uani wakatawanyika. Mdogo akanitazama, ananingoja niinuke. Ndugu zake wakanitazama. Mie nikashika sufuria yangu nikaendelea.

"Mama, mtoto analia."

"Nasikia. Baba yake yuko hapa."

Akakaa vile juu ya magoti, kisha akainuka, akaingia chumbani. Nikamsikia mkewe anamwambia polepole, "Shika shingo. Shingo kwanza." Akatoka naye amemshika kwa mikono miwili mbali na kifua, kama mtu aliyepewa chungu cha moto na hakuonyeshwa pa kukiweka. Kitoto kinalia, uso mwekundu, miguu inapiga. Akakisogeza kifuani. Kikaendelea kulia. Akazunguka nacho uani, akapita mbele ya ndugu zake, nao wakaona ni wakati wa kutafuta viatu vyao.

Akazunguka tena na tena. Kilio hakikwisha, ila kilipungua kikawa cha kunung'unika. Akaja akasimama mbele yangu, jasho linamtoka, kanzu ya hitima imelowa begani, na kichwa cha mwanawe kimelala hapo kwenye unyevu.

"Kesho kutwa alfajiri, mama," akasema. Safari hii kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kuamsha. "Nahodha ataniuliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie mama kasema hivi: Radhi za kila kitu unazo. Za dago sizitoi, mpaka mwanao akujue."